Kuchagua gari lililotumika kwa bajeti ndogo: ukaguzi wa hatua kwa hatua

Gari lililotumika lina bei mbili. Ya kwanza unamlipa muuzaji. Ya pili unamlipa fundi ndani ya miezi sita ya mwanzo, na hiyo ndiyo inayowaumiza wengi wenye pesa za kuhesabu. Kwa hiyo hapa hatutatumia muda mwingi kubishana modeli ipi ni nzuri. Magari mawili ya mwaka mmoja, modeli moja na rangi moja yanaweza kusimama pamoja, moja likiwa zima na jingine mzoga uliopigwa rangi. Kinachoyatofautisha ni matunzo, na matunzo huacha alama ambazo mtu yeyote mwenye tochi na subira anaweza kuzisoma.

Hatua ya 1: Gawa pesa kwanza

Usitafute gari linalolingana na pesa yote uliyonayo. Weka pembeni asilimia 20 hadi 25. Hiyo ni ya kuhamisha umiliki, bima, oili zote, betri, na mara nyingi matairi. Gari la bei ya chini lisilohitaji chochote siku ya kwanza ni nadra, na muuzaji anayeapa kwamba lake ni la namna hiyo hajakupa sababu ya kuacha kukagua.

Kabla moyo haujatua kwenye modeli fulani, ulizia bei ya vipuri vyake vitano: shokamzoba za mbele, brekipedi, rejeta, taa ya mbele na alteneta. Kama vitatu kati ya hivyo havipatikani bila kuagizwa, achana na modeli hiyo hata kama bei ya gari lenyewe inavutia. Mtego mkubwa ni magari ya kifahari yaliyozeeka. Yameshuka bei mpaka yanalingana na gari dogo la kawaida, lakini vipuri vyake havikushuka. Saspensheni ya hewa ikianza kuvuja kwenye gari kama hilo, bili yake inaweza kukaribia bei uliyolinunulia.

Hatua ya 2: Chagua injini na gia, halafu ndiyo uangalie umbo

Kwa bajeti ndogo, injini ya petroli ya silinda 4, ukubwa wa lita 1.3 hadi 1.8, isiyo na turbo, ndiyo yenye mambo machache ya kuharibika. Injini inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda ina pampu ya presha kubwa na nozeli za gharama. Tena vavu zake za kuingiza hewa hujaa masizi, kwa sababu hazioshwi na petroli kama kwenye mfumo wa zamani. Si injini mbaya, ila zinamtaka mwenye pesa ya matengenezo.

Jina la kampuni pekee halitoshi kukulinda. Chukua Toyota: injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497, iliyofungwa kwenye Vitz, Probox na baadhi ya Corolla, inatumia cheni ya taimingi na mafundi wengi wanaijua vizuri. Kampuni hiyohiyo ilitoa 1ZZ-FE ya lita 1.8, ambayo matoleo yake ya mwanzo yanajulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na ringi zikaziba. Beji ni ileile, matokeo ni tofauti. Tafuta jina la aina ya injini ya gari unalolitaka (kama hizo 1NZ-FE na 1ZZ-FE), kisha soma udhaifu wake unaojulikana kabla ya kwenda kuliona.

Upande wa gia, za mkono ndizo rahisi kutengeneza: kinachoisha mara nyingi ni klachi. Otomatiki ya kawaida hudumu ikibadilishwa oili. CVT, inayotumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili, ni nyororo na inabana mafuta, lakini inataka oili yake maalumu. Akitokea mtu akaijaza oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huanza kuteleza na kukwangua puli, na mara nyingi dawa ni kubadilisha giaboksi nzima. Gia za klachi mbili kavu (otomatiki yenye klachi mbili zisizolowa oili) tunashauri uziache kabisa kama huna akiba.

Dizeli inafaa kwa anayesafiri mbali mara kwa mara. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo hujisafisha likipata joto kali la mwendo mrefu. Gari linalotembea kilomita tatu tatu kwenda sokoni na kurudi huliziba. Kwa haibridi, swali kuu ni betri kubwa: usilinunue bila kupimiwa betri hiyo na mtu mwenye kifaa chake, na angalia kama tundu la hewa la kuipoza, ambalo kwenye modeli nyingi liko karibu na kiti cha nyuma, limezibwa na vumbi.

Hatua ya 3: Maswali ya simu

Mpigie muuzaji umuulize: gari liko kwa jina la nani, limekuwa naye muda gani, anauza kwa nini, lina deni la mkopo au la, lilitengenezwa nini mara ya mwisho, na je, kuna risiti. Sikiliza anavyojibu kuhusu risiti. Aliyetunza gari hukumbuka tarehe na jina la oili bila kujikuna kichwa. Dalali atakuambia "injini iko vizuri, wewe njoo tu."

Omba namba ya chasi. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q. Ukiziona, kuna mtu amecheza nayo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha mfululizo wa tarakimu. Kwa namba hiyo unaweza kuangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari limeitwa kurudi kiwandani kwa kasoro ya usalama. Usilidharau hili. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, ilirudishwa kwa sababu kifaa cha kuijaza kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Kwa kawaida kubadilishiwa ni bure, hata kama wewe ni mmiliki wa tano.

Jambo la mwisho kwenye simu: mwambie asiliwashe gari kabla hujafika.

Hatua ya 4: Nenda mchana, na vifaa mfukoni

Beba tochi, kitambaa cheupe, sumaku ndogo iliyoviringishwa kwenye kitambaa laini, kipima volti, skana ndogo ya kuunganisha na simu, na karatasi ya kuandika kila kasoro. Usikague kwenye mvua wala jioni. Maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi, na taa za usiku hufanya kila gari lionekane jipya.

Ukifika, gusa boneti na bomba la ekzosi kabla hata ya salamu kukolea. Kama ni vya moto, muuzaji ameshaliwasha. Huenda hana nia mbaya, lakini injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Subiri ipoe au panga siku nyingine.

Hatua ya 5: Bodi

Simama hatua tatu kutoka kila kona na utazame mstari wa ubavu wa gari. Nafasi kati ya milango, boneti na madigadi inatakiwa kuwa sawa kushoto na kulia. Kama upande mmoja kidole kinapita na mwingine hakipiti, pamenyooshwa. Fungua boneti uangalie boliti za madigadi na za bawaba: boliti ambayo haijawahi kufunguliwa ina rangi nzima kichwani. Angalia kingo za raba za madirisha kama zina vumbi la rangi. Kila kioo kina alama ya mtengenezaji pembeni, kwa hiyo kioo kimoja chenye jina tofauti huenda kimebadilishwa, na ni haki yako kuuliza kwa nini.

Rangi ya kiwandani ina unene wa takriban mikroni 80 hadi 150. Kipimo cha unene wa rangi kikisoma 300, paliongezwa rangi, na kikipita 1,000, chini kuna puti. Huna kipimo? Pitisha sumaku. Inaposhika vizuri huku na kule ikakataa katikati, umepata puti, ila kumbuka kwamba baadhi ya paneli ni za plastiki au alumini na hazishiki sumaku hata zikiwa nzima. Mlango uliokwaruzwa ukapigwa rangi si dhambi. Tatizo ni chasi iliyopinda. Inua zulia la buti na tairi la spea, utazame kama chuma cha sakafu kina mikunjo au mistari ya kuchomelea isiyofanana na ya upande wa pili. Mbele, linganisha vyuma viwili virefu vinavyoshika injini.

Kutu ya juujuu kwenye ekzosi au vyuma vya chini ni kawaida. Kutu inayotoboa kwenye vizingiti vya milango, sehemu zinazoshikilia shokamzoba na chasi yenyewe ni sababu ya kuondoka. Kuchomelea kunawezekana, lakini kwa gari la bei ndogo hesabu haikai.

Hapohapo tafuta dalili za mafuriko. Vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho, kwa kuwa sehemu inayokaa imejikunja ndani hakuna anayekumbuka kuiosha. Matope, madoa au harufu ya ukungu hapo yanatosha kumaliza mazungumzo. Thibitisha kwa kumulika reli za viti, boliti za chini ya dashibodi na ndani ya taa. Gari lililozama linaweza kutembea vizuri miezi kadhaa, kisha nyaya zikianza kuota kutu ndani, linakuwa na ugonjwa usiokamatika: leo taa, kesho starta, keshokutwa breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga).

Hatua ya 6: Matairi

Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, lichunguze nyufa. Likipita kumi, hesabu kwamba utanunua jingine. Tairi jipya la gari dogo lina kina cha karibu milimita 8, na sheria za nchi nyingi zinakataa chini ya 1.6.

Jinsi lilivyoliwa pia inasema kitu. Kuliwa upande wa ndani tu ni alaimenti (mpangilio wa magurudumu) au bushi (raba za viungio vya chini) zilizochoka. Kuliwa kwa mawimbi ni shokamzoba. Ukikuta matairi manne ya kampuni nne tofauti, jua mmiliki alikuwa akibadilisha anapolazimika tu, na huenda oili aliifanyia vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Injini ya baridi

Hapa usikimbizwe. Anza na oili. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe, kichomoe tena. Usawa uwe kati ya alama mbili. Nyeusi peke yake si kosa, hasa kwa dizeli, lakini oili nzito kama lami, yenye chenga, au isiyofika hata alama ya chini imesahauliwa. Fungua mfuniko wa kujazia oili umulike ndani. Chuma chenye rangi ya dhahabu au kahawia hafifu ni cha kawaida. Tabaka jeusi linalobanduka ni la oili iliyopitiliza muda. Ute mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Kwenye baridi kali na safari fupi, ute kidogo unaweza kutokana na unyevu tu, ila ukiuona pamoja na kulanti (maji ya kupoza injini) iliyopungua, gasketi ya silinda hedi imekwenda.

Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa ya baridi tu. Kulanti inatakiwa kujaa na kuwa na rangi safi. Maji matupu yenye kutu yanaonyesha gari lilikuwa likivuja au likichemsha, na mtu akawa anaongeza ya bomba. Mafuta yanayoelea juu ni dalili ileile ya gasketi.

Unganisha kipima volti kwenye betri. Ikiwa imepumzika, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.7. Mwenzako apige starta huku ukitazama: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.7. Chini ya hapo alteneta haichaji, juu ya hapo inaikaanga betri.

Sasa sikiliza sekunde za mwanzo. Mlio wa cheni inayotikisika unaoendelea zaidi ya sekunde mbili tatu unaweza kuwa cheni iliyolegea au kikaza chake. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za kombeo (krenkishafti), na gari hilo liache hapohapo. Kwa injini ya mkanda wa taimingi, uliza ulibadilishwa lini na risiti iko wapi. Watengenezaji wengi wanautaka ubadilishwe kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na kwenye injini nyingi ukikatika, pistoni hugonga vavu. Bila risiti, chukulia haujabadilishwa, na upunguze bei kwa gharama ya mkanda, kikaza na pampu ya maji, kwa sababu hubadilishwa pamoja.

Mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi gari likiwashwa baada ya kulala ni vavu sili (raba zinazozuia oili kupita kwenye vavu). Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na huo ni ugonjwa wa gharama zaidi. Mweusi kwenye petroli ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe hafifu asubuhi ni mvuke, hupotea baada ya dakika chache. Mzito unaoendelea na wenye harufu tamutamu ni kulanti inayoungua. Ndani ya dakika moja ya kwanza, bana bomba kubwa la juu la rejeta kwa mkono. Likiwa limekakamaa wakati injini bado baridi, gesi ya silinda inavujia kwenye mfumo wa maji. Jaribio hili moja limewakamata wauzaji wengi waliobadilisha oili asubuhi hiyo ili kuficha ute mweupe.

Hatua ya 8: Kilomita

Namba kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, na kwenye magari yenye mita ya kidijitali kazi hiyo haichukui muda. Linganisha na vitu vingine: raba za pedali, usukani uliong'aa kwa kushikwa, ukingo wa kiti cha dereva, kitufe cha dirisha la dereva. Gari linalosema kilomita 70,000 na pedali zake zimelika mpaka chuma, mojawapo anadanganya, na si pedali. Vibandiko vya kubadilisha oili ndani ya boneti au mlangoni mara nyingi husahaulika. Risiti za zamani na vyeti vya ukaguzi vikiwa na kilomita zilizoandikwa ni ushahidi bora kuliko vyote. Kwenye magari mengi ya Ulaya skana nzuri husoma pia kilomita zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya giaboksi au ya ABS, ambazo aliyerudisha mita huenda hakuzigusa.

Kilomita nyingi zenyewe zisikutishe. Kilomita 180,000 za barabara kuu zenye risiti ni afadhali kuliko 90,000 za foleni zisizo na karatasi.

Hatua ya 9: Taa za onyo na skana

Washa swichi bila kupiga starta. Taa ya injini, ya mfuko wa hewa, ya ABS na ya oili zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka au sekunde chache baadaye. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa kuwa kuna aliyeing'oa au kuiziba.

Tundu la skana la pini 16, ambalo kwa kawaida huwa chini ya dashibodi upande wa dereva, lipo kwenye magari yote yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001. Soma misimbo ya hitilafu: P0300 ni silinda kukosa moto, P0420 ni masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) kuchoka, P0171 ni hewa kuzidi petroli. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo muuzaji mjanja anapowapita, maana misimbo hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Nenda kwenye ukurasa wa majaribio ya ndani ya kompyuta (kwenye skana nyingi huitwa "readiness"). Yakionyesha kwamba mengi hayajakamilika, misimbo ilifutwa au betri ilitolewa karibuni, kwani majaribio hayo hukamilika tu baada ya gari kuendeshwa kwa mwendo wa namna mbalimbali. Angalia pia kilomita zilizopita tangu misimbo ifutwe. Zikiwa 4, unajua ilifutwa ukiwa njiani kuja.

Injini ikishika moto, joto la kulanti likae kati ya nyuzi 85 na 100 za Selsiasi kwenye magari mengi, na marekebisho ya muda mrefu ya petroli (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli) yasipite asilimia 10 juu wala chini.

Hatua ya 10: Liendeshe nusu saa

Dakika tano kuzunguka mtaa hazitoshi. Unataka joto, kilima, barabara mbovu, mwendo wa kasi na foleni.

Ukiwa umesimama, kanyaga breki kwa nguvu sekunde 30 injini ikiunguruma. Pedali ikizama taratibu, masta silinda inavuja ndani. Kwa otomatiki, toka P kwenda R, kisha D: iingie ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Kwa klachi, tembea kilomita 50 kwa saa ukiwa gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mlio wa injini ukipanda na gari lisiongeze kasi, klachi inateleza.

Kwenye nafasi wazi, kata usukani mpaka mwisho uende polepole kila upande. Mlio wa kata-kata ni jointi za ekseli za mbele. Mvumo unaokua na kasi, kisha ukabadilika unapoyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwa kasi ni diski zilizopinda. Gari likivuta upande mmoja barabara ikiwa tambarare, anza na upepo wa tairi, halafu alaimenti, halafu kaliipa ya breki iliyokwama. CVT inayotetemeka kati ya kilomita 20 na 50 kwa saa, au inayovuma kwa sauti kali, iache kwa mwingine.

Zima redio. Muuzaji anayeongeza sauti ya muziki au asiyenyamaza njia nzima, mwombe kwa heshima akuachie dakika kumi za kusikiliza.

Mwishoni simama, washa kiyoyozi, acha injini ikiunguruma dakika kumi. Feni iwake na kuzima yenyewe, na mshale wa joto usipande. Zima, subiri dakika tano, washa tena. Gari linalokataa kuwaka likiwa la moto lina sensa, pampu ya petroli au starta yenye matatizo. Kisha tazama chini lilipokuwa limesimama. Matone safi ya kiyoyozi ni sawa, mengine yoyote yana maelezo yake.

Hatua ya 11: Fundi wako na jeki

Ukifika hapa bado unalitaka, mlipe fundi ambaye hana uhusiano na muuzaji. Gari linyanyuliwe. Tikisa kila gurudumu kwa kushika juu na chini: likicheza ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza ni tai rodi. Tafuta shokamzoba zilizolowa oili, raba za ekseli zilizopasuka na bushi zilizokatika. Chini ya injini iliyooshwa ikang'aa kuliko gari zima, rudi uitazame tena baada ya ile nusu saa ya barabarani, maana uvujaji mpya utaonekana.

Kama bajeti inaruhusu kipimo kimoja tu, chagua kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Injini nyingi za petroli husoma takriban bar 10 hadi 14 kwa kila silinda, na tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda moja ikiwa chini, fundi amwage kijiko cha oili ndani apime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni vavu au gasketi.

Muuzaji akikataa gari kupelekwa kwa fundi hata kwa gharama yako, sababu yoyote atakayotoa, umeshapata jibu.

Hatua ya 12: Karatasi na bei

Namba ya chasi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, na namba ya injini pia kama imeandikwa. Gusa tarakimu zenyewe kwa kidole: sehemu iliyokwanguliwa au kuchomelewa huhisi tofauti. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kama ni mwakilishi, zungumza na mwenyewe na uone idhini ya maandishi. Hakikisha kwenye mamlaka ya usajili kwamba gari halina zuio la benki wala taarifa ya wizi. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na umiliki uanze kuhamishwa siku hiyohiyo.

Kwenye bei, ile karatasi ya kasoro ndiyo silaha yako. Matairi mawili kiasi fulani, brekipedi kiasi fulani, mkanda wa taimingi kiasi fulani, jumlisha mbele yake. Ni vigumu kubishana na bei za spea alizozijua mwenyewe. Kinachopunguzika kwa bei ni vitu vinavyochakaa. Injini inayogonga, giaboksi inayoteleza, chasi iliyopinda na gari lililozama havina punguzo linalotosha.

Baada ya kununua

Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na chujio, chujio la hewa, kulanti, na oili ya breki, ambayo hufyonza unyevu na hupaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Oili ya giaboksi ibadilishwe kwa aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama ni otomatiki yenye kilomita nyingi na oili imeungua mpaka kuwa nyeusi, mwache fundi wa gia aione kwanza kabla ya kuimwaga.

Jaza oili ya injini mpaka alama ya juu, andika kilomita, kisha chomoa kijiti kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, mpaka utimize kilomita 1,000. Kupungua robo lita kwa gari lenye umri si jambo la kukosesha usingizi. Ikikaribia lita nzima, na chini ya gari hakuna tone, oili inaungua ndani: anza na kubadilisha vavu ya PCV (inayotoa mvuke unaojikusanya ndani ya injini), ambayo ni kipuri cha bei ndogo na ikiziba husukuma oili kwenye njia ya hewa, kabla hujakubali mtu yeyote akufungulie injini.